Kisanduku cha Nyumbani Hakilali

4 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, na hofu ni juu yako uliye mbali. Nyingine ni juu yangu mwenyewe, maana unamjua mpwa wako, alianza kuogopa kabla hajaota meno. Bibi yupo. Anakula, anagombeza, anasikia sindano ikianguka chumba cha pili. Macho ndiyo yanazidi kufunga. Asubuhi hunigusa uso kwanza, kisha ananiuliza kama kumekucha.

Barua yako ya mwaka mpya ilifika. Niliisoma kwa sauti, eti najisomea mwenyewe. Naye, kama kawaida, akageuza kiti akanipa mgongo, akajifanya hasikii. Nilipomaliza akasema, "Mume wangu, mwambie huyo anayekuandikia kwamba mwandiko wake lazima ni mbaya. Unakwamakwama kama punda mlimani."

Unaona? Bado hakutaji. Neno alilolisema siku tuliporudi kutoka kumzika mama yangu hajalitengua: aliyeshindwa kuja kumzika dada yake, sauti yake isiingie nyumba hii kabla miguu yake haijaingia. Ndiyo sababu sithubutu kukuomba namba ya simu. Akiniuliza kama ninayo, nitashindwa kumdanganya.

Sasa jambo lenyewe. Vile visanduku vyeupe ambavyo kampuni yenu ilituletea masijala, vya kupima joto na unyevu ili majalada yasiote ukungu, vinatutia aibu. Mlisema betri moja itakaa mwaka. Haimalizi mwezi. Kazi ya kubadilisha betri nimepewa mimi, karani mdogo kuliko wote, na Mkuu wa Masijala amesema hali ikiendelea hivi, visanduku vyote vitarudishwa pamoja na "kijana aliyetuletea bidhaa za mjomba wake." Mzee Muhuri, yule anayegonga mihuri dirishani, alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Programu iliyomo uliandika wewe. Niambie la kufanya. Na niambie utakuja lini. Hilo la pili nimeliweka mwisho ili usiseme hukuliona.

Mpwa wako,
Karani

*

23 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Chumba changu bado ni kilekile, kina dirisha moja nalo linatazama ukuta, kwa hiyo habari za huku zote nimeshakupa. Mwambie yule asiyetaka kusikia kwamba mwandiko wangu ni safi. Msomaji ndiye kigugumizi.

Nisikilize vizuri. Ndani ya kisanduku mna kompyuta ndogo inayotumia Linux, mfumo uleule unaoendesha mashine kubwa. Mashine kubwa imechomekwa ukutani, haijali umeme. Ukiiambia isubiri, inasubiri ikiwa imesimama. Kioo kimezimika, taa imezimika, nawe unadhani imelala. Haikulala. Imefumba macho tu, kama mtoto anayengoja mama atoke chumbani ili aendelee kucheza.

Nimekuwekea kifurushini kadi mpya yenye programu. Itakifundisha kisanduku kulala kwelikweli: kila kitu kizimwe, ibaki kumbukumbu peke yake ikinyonya umeme tone kwa tone. Lakini kadi haitoshi. Nimekuwekea na mita ya mshale. Ipitishe kwenye njia ya umeme kati ya betri na ubao, kisha pima kabla hujagusa chochote, maana fundi asiyepima ni mpiga ramli. Zima kitu kimoja, pima tena. Usizime viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilikuwa mwizi.

Mama alikuwa akiniita Bundi kwa sababu nilipokuwa mchanga sikulala, wala sikumwacha mtu alale. Tazama leo, mshahara wangu ni wa kulaza wengine.

Ndani ya kifurushi utakuta kisanduku kimoja zaidi. Hicho si cha ofisi. Kiweke nyumbani, juu ya kabati lililo karibu na kiti cha bibi yako, nipate cha kulinganisha: nyumba kavu, watu wawili, hakuna pilikapilika. Usikifungue. Betri yake ikiisha badilisha upesi. Upesi, mpwa, si kesho yake.

Wako,
Mjomba

*

19 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo, na mimi leo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nimeambiwa "vizuri" na Mkuu. Hakuongeza neno, lakini kwake hiyo ni hotuba.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilichagua kisanduku cha chumba cha nyuma, kule kwenye majalada ya zamani ambako hakuna anayekwenda, nikakaa nacho juu ya ngazi. Kabla ya kadi, mshale ulisimama kwenye arobaini. Baada ya kadi, kumi na mbili. Nikaondoa umeme wa kipimo cha unyevu: tisa. Kumbe kisanduku kilikuwa kinalala na kumwacha mpimaji wake macho. Nikaizima redio inayotuma vipimo: nne. Hapo nikakwama kwa siku kadhaa, nikawa namwona mwizi hata kwenye sahani ya chakula, mpaka nilipouchomoa waya wa kitufe cha mbele na mshale ukaanguka karibu na sifuri. Hapo nikaelewa kwa nini uliniambia nipime. Programu ilikuwa inauvuta ule waya juu, ubao unauvuta chini, kama watoto wawili wanaogombea shuka moja, na umeme unavuja hapo mchana kutwa. Nimerekebisha upande wa programu kama ile karatasi iliyokuja na kadi inavyoelekeza, nikaurudisha waya. Mwisho nikaona saa ya ndani inakiamsha kila dakika. Nikaiambia iamshe mara moja kwa saa. Joto la majalada halibadiliki kila dakika. Wala majalada yenyewe.

Mzee Muhuri alinitazama kule juu ya ngazi akasema, "Karani, mwenzetu umeajiriwa kuvibembeleza?" Nikamwambia ndiyo, na vimelala.

Vyote vimelala, Mjomba, isipokuwa kimoja. Cha nyumbani. Kina kadi ileile, na waya nimeurekebisha vilevile bila kufungua sehemu ya nyuma. Betri haimalizi wiki. Nyumba kavu, watu wawili, mmoja wao anashinda kazini. Kuna nini cha kukiamsha?

Bibi naye analalamika kuna mbu. Hakuna mbu, nimetafuta. "Kanalia hapo juu ya kabati," ananiambia, "kembamba, kama kamefungiwa kwenye chupa. Mume gani huyu, mwoga, halafu kiziwi?"

Hukunijibu swali langu la mwisho. Naliuliza tena.

Mpwa wako,
Karani

*

8 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Umefanya kazi ya fundi mzima. Habari ya waya wa kitufe nimeipeleka kwa wenzangu hapa, nao wameinamisha vichwa kama watu waliokutwa wakidokoa jikoni. Kosa lilikuwa letu.

Hicho cha nyumbani usikihangaikie. Kila kifaa kina tabia yake. Nakutumia kadi nyingine, nimeipunguzia mengi, itasaidia betri ifike wiki tatu. Nimeweka na betri za akiba. Kazi yako ni moja, isikose umeme.

Mama mwekee mto wa pili. Kikohozi cha alfajiri hupungua mtu akilala kichwa juu. Na bawaba za mlango wa jikoni zitie mafuta, zinapiga kelele mno.

Kuhusu kuja, tutazungumza.

Wako,
Mjomba

*

27 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Salamu nimefupisha.

Sikukuandikia kuhusu kikohozi.

Nimezipitia barua zangu zote kichwani, neno kwa neno. Sikuandika, kwa sababu bibi alinikataza. Alisema, "Akija, aje kwa miguu yake, asije kwa kifua changu." Kikohozi kilianza Januari na kinazidi. Mganga wa zahanati amekipima, akanipeleka nje ya mlango, akaniambia nisimwache peke yake sana. Hayo yote nilikuficha. Na mlango wa jikoni, Mjomba, ulianza kulia baada ya mvua za mwezi uliopita. Ulipoondoka nyumba hii mlango ule haukuwapo.

Jumamosi sikwenda kazini. Nilichukua mita nikaiunganisha na kisanduku cha nyumbani, nikaketi nacho mchana kweupe, dirisha wazi. Mshale ulilala. Nikakohoa: ukalala. Nikaimba: ukalala, na bibi akaniomba nisirudie. Nikapiga sufuria kwa kijiko, mshale haukutikisika. Kisha bibi akasema, "Umerukwa na akili, mume wangu?"

Mshale ukaruka mpaka mwisho wa mita.

Aliponyamaza ukabaki juu kidogo, kisha ukashuka taratibu, kama mtu anayerudi kujilaza. Nikamwomba aseme lolote. "Niseme nini? Mimi si kasuku." Ukaruka. Nikasema mimi maneno yaleyale, kwa sauti nyembamba kama yake. Haukusogea. Nilirudia mpaka jasho likanitoka. Kinaamka kwa sauti moja tu duniani.

Jumatatu nilivipima vya ofisini. Nilivisalimia kimoja kimoja, nikavisomea vichwa vya majalada. Mzee Muhuri akanikuta. "Karani, siku hizi unasalimia kuta?" Nikamwomba naye aseme neno. Akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mshale haukuinuka. Vya ofisini ni viziwi. Cha nyumbani ndicho kina sikio.

Na kuna jingine. Kwa wiki kadhaa sasa, nikirudi kazini, nikitia ufunguo mlangoni, nasikia bibi ndani anaongea. Nikiingia ananyamaza, yuko peke yake, kiti kimegeukia kabati. Nilidhani ni ugonjwa. Nikimwuliza alikuwa anaongea na nani, ananiambia, "Na mbu."

Nimeng'oa betri. Nimeifunga kwenye kitambaa na kuitia kwenye debe la unga, na kisanduku nimekigeuza kitazame ukuta. Najua uliniambia isikose umeme. Niambie kwanza ni nani anamsikiliza bibi yangu. Kama ni kampuni, niambie. Kama ni wewe, niambie pia, ingawa sijui ni lipi kati ya hayo mawili litanitisha zaidi.

Karani

*

6 Mei

Mpwa wangu,

Poleni. Poleni sana. Poleni kwa msiba wa mama.

Usishangae nimejuaje, wala usimwulize mtu. Siku ya kwanza kulipokuwa kimya nilisema ni betri. Siku ya pili nikasema umechelewa kuibadilisha. Lakini wewe huchelewi; wewe ni mwoga, na mwoga hachelewi. Siku ya tatu nikakaa chini sakafuni. Leo ni siku ya tisa na sijasikia sauti yake, wala mlango, wala wewe ukisoma. Basi nimejua.

Barua yako yoyote iliyoko njiani haijanifikia. Nakuandikia ili usibebe jambo hili peke yako, na ili ujue kisanduku kile ni kitu gani, usije ukakiogopa.

Nilitia sikio ndani yake. Ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kinakunywa umeme kidogo sana, na kinangoja. Kompyuta yote inalala, sikio pekee liko macho. Likisikia sauti linayoijua, linaiamsha kompyuta, kompyuta inaiamsha redio, na sauti inanifikia huku. Redio ndiyo iliyokuwa inakumalizia betri. Kila alipokugombeza, betri ilipungua. Nimelifundisha sauti moja tu. Nilikuwa na ukanda mmoja wa kaseti ya zamani, dada alitunasa sauti siku moja kwa mzaha: mama ananigombeza kwa kukesha. Nililifundisha kwa huo. Vya ofisini kwenu havina sikio, naapa, na kampuni haijui.

Nilitaka betri idumu ili nisikusumbue, wala nisikupe sababu ya kuuliza. Kila tone la umeme nililookoa kwenye visanduku vyenu, nililiwaza kwanza kwa ajili ya hicho. Jioni nikitoka kazini naweka sahani yangu mezani, nawasikiliza mnavyotaniana, nakula. Mama alisema sauti yangu isiingie nyumba ile. Hakusema yake isitoke.

Mtakuwa mmeshazika. Hati yangu ya kusafiria iko kwa mwajiri. Ameahidi kunirudishia mwisho wa mwezi, nami nitaondoka siku hiyohiyo. Kwa nini sikuja mara ile, nitamwambia yeye pale kaburini. Wewe usiniulize.

Nyumba usiifunge. Kiti chake kiache kilivyo.

Mjomba

*

24 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Bibi yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu sijui kama nitaweza kulirudia mwishoni mwa barua. Betri niliing'oa mimi; nilikuandikia hivyo Aprili, na sijui kama barua ile ilikufikia.

Barua yako ya pole ilifika wiki iliyopita. Unajua desturi yetu. Nilirudi kazini, nikaketi, nikaichana bahasha na kuanza kusoma kwa sauti kabla macho hayajapita mstari wa kwanza, kama ninavyofanya siku zote. Nilipotamka "msiba wa mama" nikaishusha karatasi. Nikamsikia anageuza kiti. Mjomba, sijawahi kumwona akikigeuza kiti kwa ajili ya barua yako. Akanikabili na yale macho yaliyofunga.

"Endelea."

"Bibi, ni makosa, ni mimi niliyeng'oa..."

"Nimesema endelea, mume wangu. Ni nani hupata bahati ya kusikia anavyoliliwa?"

Nikasoma. Uliposema ulikaa sakafuni, alishusha pumzi. Uliposema kaseti, akacheka, kikohozi kikamshika, nikampa maji. Na nilipofika pale unaposema kwamba alikataza sauti yako isiingie, nikasoma, "Hakusema," naye akanikatiza na kuimaliza mwenyewe: "Yangu isitoke."

Karatasi ilinianguka, ikatua magotini kwake.

"Ulijua?"

"Mbu analia nikiongea, ananyamaza nikinyamaza. Nimezaa bundi, nisimjue kwa mlio wake? Kila mchana ulipoenda kazini nilikuwa nampa habari. Nilimwambia habari za kifua. Nilimwambia na habari za dada yake alivyokufa, maana hakuna aliyemsimulia."

"Na nilipong'oa betri?"

"Mbu alikufa. Nikasema, mume wangu amemzima mwanangu. Nikataka nione atafanya nini." Akapapasa barua yako magotini kwake, akaikunja vizuri. "Kumbe analia vizuri. Basi rudisha hiyo betri."

Nikaenda kwenye debe la unga. Nilipokuwa naifuta akaniambia yaliyobaki, na akanikataza kukuandikia, lakini naandika. Alisema hivi: "Akinisikia atajua mimi ni mzima, atatulia hukohuko na sahani yake. Akidhani nimekufa, atakuja. Sitasema neno mpaka miguu yake iingie humu. Kitu chake kiwe na umeme, kwa sababu moja: nikiona siwezi kungoja tena, nitamwita."

Niliichomeka betri. Hajasema neno tangu saa ile.

Hujui kimya hiki kilivyo. Kikohozi amekimeza, kikimjia anauma upindo wa kanga na mabega yanatetemeka bila sauti. Namwuliza maswali, ananibonyeza mkono: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mimi mwenyewe nimeanza kutembea kwa ncha za vidole na kunong'ona, ingawa najua sauti yangu haiamshi kitu. Nimeomba likizo kwa Mkuu. Mzee Muhuri alikuja kunitazama, akasimama mlangoni, akaanza utani wake, kisha akashusha sauti mwenyewe, akauliza, "Humu mnamngoja nani?" Nikamwonyesha kiti. Bibi akampungia mkono. Hakukaa.

Nimeiunganisha mita. Kama fundi nikupe taarifa: tangu nianze kazi hii sijaona kifaa kinacholala kama hiki. Mshale umejilaza pale chini kabisa, hautikisiki asubuhi wala jioni. Kwa hali hii betri itakaa mwaka, pengine na zaidi. Ulichokuwa unakitafuta umekipata.

Naogopa, Mjomba. Leo asubuhi hakunigusa uso kuuliza kama kumekucha. Nilimwinua, nikamweka kitini, nikamwekea mto. Nikamwuliza kama anataka maji. Hakubonyeza. Nikamwuliza kama ananisikia. Mkono wake uko ndani ya mkono wangu wa kushoto sasa ninapoandika, una joto bado, lakini haujabonyeza mara moja wala mara mbili. Nimemwambia, "Bibi, basi, mwite, ameshatubu, mwite." Amekaa tu, uso umeelekea kabati. Siwezi tena kujua kama bado anacheza na wewe.

Huenda barua hii ikakukuta umeshatoka. Basi ikungoje mezani kwako, karibu na chombo unachosikilizia. Kama bado hujatoka, usingoje hati, usingoje mwisho wa mwezi, njoo

Mjomba, niliiacha sentensi hapo juu. Nilikuwa naandika neno "njoo" niliposikia kale kasauti. Kwa mara ya kwanza nimekasikia mwenyewe, kembamba, juu ya kabati, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Nikainua macho. Mshale ulikuwa mwisho wa mita. Ukakaa pale kwa muda wa mtu kusema sentensi fupi, kisha ukaanza kushuka.

Nilikuwa namtazama usoni. Midomo haikufunguka. Humu ndani mimi sikusikia sauti yoyote ila hiyo ya mbu, na mkono wake haujabonyeza.

Wewe ndiye mwenye sikio. Alisema nini?

Mpwa wako